Betri mpya, giza lile lile: kutafuta kosa kwenye sola ya nyumbani iliyoongezewa betri

Simu hizi huja kwa wingi mwezi wa nne na wa tano, masika yakiwa yamepamba moto. "Fundi, nimenunua betri, nimefungiwa, imefanya kazi siku tatu. Sasa ikifika saa tatu usiku tuko gizani. Hii betri ni feki." Huenda ni feki kweli, maana zipo. Lakini katika nyumba nyingi nilizoingia na maltimita mkononi, betri iliyokuwa inalaumiwa ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye waya unaoifikia, kwenye namba zilizowekwa ndani ya inveta, au kwenye hesabu ambayo haikupigwa kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Yafuatayo yanahusu nyumba ambayo tayari ilikuwa na paneli juu ya bati, kisha ikaongezewa betri za jeli, za maji au za lithiamu. Nimefuata malalamiko kama wenye nyumba wanavyoyasema, maana hakuna mteja anayepiga simu kusema "volti zinashuka kwenye kebo". Anasema "inazima".

Kwanza pima

Unahitaji maltimita ya kawaida na mita ya kubana inayopima ampea za DC. Angalia vizuri dukani, kwa sababu nyingi za bei rahisi hupima ampea za AC tu na kwenye betri hazina msaada. Vua pete na saa ya chuma. Spana izungushie utepe wa umeme, ibaki wazi mdomo tu. Paneli zilizofungwa mfululizo zinaweza kubeba volti 300 na zaidi hata inveta ikiwa imezimwa, kwa hiyo usichomoe plagi zake jua likiwaka kabla ya kuzima breka ya paneli.

Kipimo cha kwanza kichukue kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye kioo cha inveta. Betri ya risasi ya volti 12 (jeli, AGM au ya maji) ikishapumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, volti 12.7 maana yake imejaa, 12.2 iko nusu, 11.8 imekwisha. Lithiamu ya LiFePO4 yenye seli 16, ile inayoandikwa 51.2V, ikijaa na kupumzika hukaa karibu na volti 53.5. Kutoka hapo inashuka kidogo mno: kati ya asilimia 80 na 20 tofauti haifiki hata volti 2. Kwa hiyo anayekisia kilichobaki kwenye lithiamu kwa kutazama volti anapiga ramli.

"Betri haijai, jua linawaka kutwa"

Hapa kosa namba moja ni hesabu. Chukua nyumba yenye paneli 4 za wati 550, jumla wati 2,200. Ukanda wetu wa pwani siku nzuri hutoa kama saa nne na nusu za jua kamili. Toa robo kwa ajili ya joto la paneli, vumbi na upotevu wa njiani, unabaki na uniti 7 na ushei kwa siku, uniti hizi hizi unazonunua kwa Luku. Kama mchana friji, pampu na mashine ya kufulia vinakula 4, betri inabakiwa na 3 na kitu. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina uniti 5.12. Ukiishusha usiku hadi asilimia 20, kuirudisha kunataka uniti 4 na zaidi. Haijai, na haitajaa, hata uibadilishe mara tatu. Dawa ni kuongeza paneli au kupunguza matumizi ya mchana. Masika, mawingu yakikaa kutwa, hesabu hiyo inaweza kushuka chini ya nusu. Walioko Arusha, Moshi na Nairobi wanaijua hali hii mwezi wa sita na wa saba, mawingu ya baridi yanapogoma kuondoka.

Kama hesabu inatosha na bado haijai, bana mita kwenye waya wa betri saa sita mchana. Ampea zikiwa chache na jua ni kali, ingia kwenye menyu ya inveta. Inveta nyingi za familia ya Axpert na ndugu zake hutumia menyu ya namba: namba 02 ndiyo kikomo cha ampea za kuchaji, na mara nyingi nimekuta kimeachwa chini, pengine kwa sababu betri za mwanzo zilikuwa ndogo. Kisha panda juu ya bati. Kivuli cha tawi moja la mwembe, au cha tangi la maji, kwenye paneli moja huvuta chini paneli zote zilizofungwa nayo mfululizo.

Halafu kuna volti za kuchajia. Namba 05 ni aina ya betri. Ukiacha AGM kwenye mfumo wa lithiamu inaweza kuchaji kwa kubahatisha, lakini kwa kawaida hapo huwekwa USE (unajipangia volti mwenyewe), au LIB (lithiamu) kama ipo, kisha namba 26, volti ya kujaza, na 27, volti ya kuishikilia ikishajaa, zinafuata karatasi ya betri yako. Kwa LiFePO4 ya seli 16, watengenezaji wengi hutaka volti ya kujaza kati ya 56 na 57.6. Ya seli 15 inataka pungufu, karibu na 53, na hapa watu huharibu kwa sababu zote mbili huitwa "betri ya 48". Hesabu seli kwenye karatasi kabla hujaandika namba.

Betri za maji zina ugonjwa wao. Mtu anaona maji yamepungua, anakwenda dukani kuomba "maji ya betri", anapewa tindikali, anamimina. Kinachopungua ndani ni maji matupu, tindikali imebaki palepale. Ongeza maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, basi.

"Inajaa saa nne asubuhi, saa mbili usiku imekwisha"

Betri inayojaa haraka kupita kiasi ni betri iliyosinyaa. Za risasi zikilala nusu tupu wiki baada ya wiki, sulfati hujiganda kwenye sahani zake na nafasi ya kuhifadhi umeme hupungua. Sababu kubwa ya hili ni namba ya kukatia. Inveta nyingi za volti 48 hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukata zikifika volti 42 (namba 29). Gawanya kwa betri nne: volti 10.5 kila moja. Jeli inayoshushwa hapo kila usiku haimalizi miaka miwili. Mimi huweka namba 12, ile ya kurudi gridi (umeme wa shirika), kwenye 47 au 48, na mwenye nyumba asiye na gridi humshauri azime friji mapema.

Sababu ya pili ni ndoa ya mzee na kijana: betri mbili mpya zimefungwa mfululizo na mbili za miaka mitatu. Ile dhaifu ndiyo inayoamua. Ikiisha, mfumo wote umeisha, na wakati wa kuchaji hupanda volti haraka na kuwadanganya wenzake kwamba wamejaa. Pima kila betri peke yake wakati friji na feni zinafanya kazi. Moja ikiwa na volti 11.6 na wenzake 12.2, umemkuta mgonjwa. Kuweka mpya moja badala yake kunakupa miezi michache tu. Ni afadhali hizo za zamani uzipeleke zikawashe taa za banda la kuku.

Ya tatu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Betri ya jeli ya kweli ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uzito wa kilo 55 hadi 65. Ukiibeba peke yako begani huku unapiga soga, haina 200 ndani. Mizani ya duka la nafaka itakuambia mengi kuliko karatasi iliyobandikwa.

Na wakati mwingine betri ni nzima, waranti ipo, ila usiku ni mrefu. Fuata hii kwa nyumba ya kawaida, saa 12 jioni hadi 12 asubuhi: friji uniti 0.7, feni mbili za wati 60 kwa saa tisa uniti 1.1, televisheni saa nne 0.3, taa sita 0.2, ruta 0.1. Jumla 2.4. Betri mbili za jeli za 200 zina uniti 4.8, na ukitumia nusu kama inavyopasa unapata 2.4. Zimetosha? Hapana, kuna mlaji amesahaulika: inveta yenyewe. Inveta ya kilowati 5 inaweza kula hadi wati 50 hata kama hakuna kitu kimewashwa. Kwa usiku mmoja ni uniti 0.6. Hapo ndipo saa kumi alfajiri yako ilipopotelea.

"Inazima ghafla, na kioo kinaonyesha asilimia 60"

Lalamiko hili ndilo linalouza betri nyingi bila sababu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Muulize mwenye nyumba: inazima wakati gani? Akisema "nikichomeka pasi", "pampu ikiwaka" au "jagi la umeme likikaribia kuchemka", anza na nyaya. Inveta ya volti 24 ikitoa wati 3,000 inavuta ampea 125 kutoka kwenye betri. Waya wa milimita 10 za mraba, mita mbili kwenda na mbili kurudi, unapoteza karibu volti 0.9 hapo njiani. Betri ina 24.3, inveta inaona 23.4, na hapo bado hujahesabu viungio vilivyolegea. Inveta inaamini betri imekwisha, inakata. Mzigo ukitoka volti zinarudi, inawaka tena, na mwenye nyumba anaapa kuna jini. Tena ule upotevu haupotei hewani: ni zaidi ya wati 100 za joto ndani ya waya. Ushike baada ya dakika kumi za pasi (ganda lake, si chuma) utajua mwenyewe. Kwa mzigo huo mimi huanzia milimita 35, na umbali nauweka mfupi niwezavyo. Wenye mfumo wa volti 12 wanaotaka wati 3,000 wanadai ampea 250. Ushauri wangu kwao ni kuachana na volti 12.

Kipimo ni rahisi. Washa mzigo mkubwa, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha haraka pima kwenye vichwa vya inveta. Tofauti ikizidi nusu volti, kosa liko katikati. Sasa tembea na maltimita kipande kwa kipande: kichwa cha betri hadi lagi (kile kikonyo cha chuma kilichobanwa mwisho wa waya), lagi hadi fyuzi, fyuzi yenyewe, breka, hadi mwisho. Palipo na volti ndipo palipo na ugonjwa.

Nyumba moja Kigamboni walikuwa wameshabadilisha betri mara mbili. Nilikuta washa (pete bapa) ya chuma imewekwa kati ya lagi na kichwa cha betri, badala ya juu ya lagi chini ya nati. Umeme wote wa nyumba ulikuwa unapita kwenye kile kichuma chembamba. Kazi ilikuwa ya dakika tano, na mzee mwenye nyumba aliniangalia kama nimemtukana. Pwani kuna na chumvi: ile kutu ya kijani kwenye shaba na ungaunga mweupe kwenye vichwa vya betri za maji. Safisha kwa maji ya moto yenye magadi soda, kausha, kaza, paka grisi. Lagi iliyopondwa kwa nyundo badala ya kubanwa kwa mashine yake, ikate utupe.

Nyaya zikiwa sawa, angalia BMS, ule ubongo ulio ndani ya betri ya lithiamu. Una kikomo cha ampea. Betri ya volti 51.2 yenye BMS ya ampea 50 haiwezi kutoa zaidi ya wati 2,500 na ushei, hata ukiifunga kwenye inveta ya kilowati 5. Pampu ya nguvu ya farasi moja hutumia wati 750 na zaidi ikiwa imeshachanganya, lakini sekunde ya kuanza huvuta mara tatu hadi sita. Ikikutana na jagi, BMS inakata. Dawa ni betri ya pili sambamba, au adabu ya kutowasha vyote pamoja. Ukifunga mbili sambamba, zichaji zote zijae kwanza, kila moja peke yake, ndipo uziunganishe. Na chanya ya inveta itoke betri ya kwanza, hasi itoke ya mwisho, ili zote zichoke sawasawa.

Kama inazima usiku wa manane bila mzigo wowote mkubwa, basi ile asilimia 60 ni ya uongo. Betri huhesabu ampea zinazoingia na kutoka, na hesabu hujisahihisha inapojaa kabisa. Isipojaa kwa wiki kadhaa inapotea, kama mtu anayehesabu hatua bila kuona njia. Vilevile seli moja inaweza kuwa nyuma ya wenzake: yeye akifika chini, BMS inakata bila kujali wengine 15. Zote mbili hutibiwa kwa namna moja. Ijaze hadi juu, iache kwenye volti ya kujaa kwa saa kadhaa, siku mbili tatu mfululizo, maana usawazishaji wa seli ndani ya BMS nyingi hutumia umeme mdogo sana na hauna haraka. Ikikataa baada ya wiki, hapo sasa dai waranti.

"Betri ya lithiamu imekufa, maltimita inasoma sifuri"

Pengine imelala. BMS ikikata kwa kuishiwa, vichwa husoma sifuri au volti chache. Inveta nayo haichaji mpaka ione betri, kwa hiyo kila mmoja anamngoja mwenzake. Zima mizigo yote, bonyeza kitufe cha kuamshia kama kipo, au tumia chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuamsha. Usiipige shoti kwa waya wa betri ya gari. Imetokea, na si hadithi ya kusimulia watoto.

Ikizima sekunde ileile unapoiunganisha na inveta, na cheche kubwa ikatoka, tatizo ni kapasita za inveta, vile vihifadhi umeme vidogo vilivyo ndani yake. Zikiwa tupu humeza ampea nyingi kwa mpigo, na BMS huona shoti. Zijaze polepole kwanza kupitia rezista, au balbu ya zamani ya waya, kwa sekunde chache, kisha funga waya wenyewe.

"Inveta haiioni betri"

Kebo ya mawasiliano inaonekana kama ya intaneti, lakini mpangilio wa nyaya ndani hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Hakikisha tundu ni sahihi, CAN au RS485 (aina mbili za mawasiliano), na vile vibonyezo vidogo vya anwani vinafuata kitabu, hasa betri zikiwa zaidi ya moja. Ikishindikana, iendeshe kwa volti kwenye USE. Inafanya kazi.

"Tangu nifunge betri, Luku inakwisha upesi zaidi"

Namba 16 imewekwa jua na gridi vichaji pamoja, kwa hiyo usiku unanunua umeme wa kujazia betri. Weka jua pekee, au jua kwanza kama kwenu umeme hukatika sana. Namba 01 nayo iwe SBU: jua, kisha betri, gridi mwisho.

Kinyume chake, kuna wanaosema gridi ipo lakini inveta inaikataa. Pima volti za ukutani saa mbili usiku. Mitaa ya mwisho wa laini hushuka chini ya 170, na namba 03, ile ya volti za gridi zinazokubaliwa, ikiwa UPS (masharti makali) inveta haipokei chini ya hapo. Ukiweka APL (masharti legevu) inapokea hadi 90, ila friji yako itapitishiwa umeme huohuo hafifu.

"Gridi ikikatika, nyumba nzima giza, na betri imejaa"

Hapa inveta yako huenda ni ile ya kushikamana na gridi tu. Sheria yake ni kuzima gridi inapozima, isije ikamrushia umeme fundi aliye juu ya nguzo. Betri haiwezi kuibadilisha tabia. Unahitaji inveta mseto, au inveta ya betri itakayokaa kando yake. Kama ni mseto tayari, fuatilia nyaya: mara nyingi mizigo imeachwa upande wa gridi, haijahamishiwa kwenye tundu la kutokea la inveta. Kazi ya kuihamisha, pamoja na nyutro na ethi yake, ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, au ya EPRA ukiwa Kenya. Ukigusa friji ikakutetemesha wakati wa betri, usisubiri kesho.

"Betri inapata moto"

Waya ukiwa wa moto na betri baridi, rudi kwenye lagi. Betri za risasi zikiwa za moto zote, angalia zilipokaa: stoo isiyo na dari, chini ya bati, inaua. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu hivi. Moja tu ikiwa ya moto, ina sahani zilizogusana, itoe. Harufu ya mayai viza maana yake inachajiwa kupita kiasi: zima chaja kwa swichi iliyo mbali na betri, fungua madirisha, usiwashe wala usizime swichi iliyo karibu, maana gesi ya hidrojeni hulipuka kwa cheche.

Angalia na breka. Niliwahi kufunga breka ya AC upande wa betri kwa sababu dukani hawakuwa na ya DC na mteja alikuwa na haraka. Siku ilipotakiwa kukata, cheche haikuzimika ndani yake. Iliendelea kuwaka mpaka plastiki ikayeyuka. Tangu siku hiyo fyuzi ya DC inakaa karibu kabisa na chanya ya betri, na bila hiyo sifungi.

Lithiamu iliyovimba ubavu usiifungue, usiichaji, usiilaze ndani. Zima breka, itoe nje penye kivuli, mbali na ukuta, kisha mpigie aliyekuuzia.